Je, Binti Yetu Avuke Ruvuma?



Mzazi mmoja wa upande wa Newala ametuletea barua, nasi tumemwomba ruhusa tuijibu hapa hadharani, maana twaamini kwamba si yeye peke yake mwenye swali hili. Binti yake yuko mwaka wa pili wa chuo kikuu. Yeye na wanafunzi wenzake Wakatoliki wamekusudia kutumia majuma matatu ya likizo kuvuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, wakawatembelee Wakristu wa Jimbo la Pemba walioteswa na vita. (Pemba hii ni ya Msumbiji, si kisiwa chetu.) Baba ametakiwa kutoa nauli na baraka. Nauli, anaandika, aweza kuipata hata kama korosho za mwaka huu si za kujivunia. Baraka ndiyo inayomshinda.

"Padre Mhariri," asema, "wamisionari walivuka bahari kutuletea dini. Hawa watoto wanapeleka nini, na kwa watu ambao tayari wanasali kuliko sisi? Na kama mwanangu akifa huko, nitamwambia nini mama yake?"

Swali la mwisho ndilo la kwanza kwa uzito, basi tuanze nalo. Mzazi huyu haogopi kivuli. Vita ya Cabo Delgado ilianza tarehe 5 Oktoba 2017, kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Mwezi Oktoba 2020 wauaji walivuka mto wakaingia Kitaya, kijiji chetu sisi, katika Mkoa wa Mtwara. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma uliangukia mikononi mwao. Na usiku wa tarehe 6 Septemba 2022 Sista Maria De Coppi, Mkomboni, mzaliwa wa Italia aliyekuwa ameitumikia Msumbiji tangu ujana wake, aliuawa katika misioni ya Chipene, Jimbo la Nacala. Mtu akimwambia mzazi wa Newala kwamba hofu yake ni upungufu wa imani, huyo hajui asemalo. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili bila mkoba wala viatu, lakini hakuwaficha kwamba awatuma kama kondoo kati ya mbwa mwitu. Na walipofukuzwa mji mmoja aliwaruhusu wakimbilie mwingine. Hakuna amri ya Injili imtakayo mtu atafute kifo.

Hayo tukiisha kuyakubali, labaki swali la kwanza, nalo ni gumu zaidi: wanapeleka nini? Kwa bahati njema mto wenyewe una habari za kutusimulia.

Msomaji wa Mwanza au wa Moshi huenda hajapata kuyaona maingilio ya Ruvuma. Kutoka Mtwara mjini njia yaelekea kusini, katikati ya minazi na mikorosho, hata Kilambo, ambako mto umetanuka, na maji ya chumvi hupanda na kushuka pamoja na bahari. Mikoko imejaa kingoni. Mafungu ya mchanga hujificha chini ya maji ya kahawia, nayo huhama. Fungu lililokuwa hapa mwaka jana mwaka huu liko kule. Wenye mitumbwi hawaendi kwa saa ya ukutani, wanakwenda kwa kujaa na kupwa, na mgeni mwenye haraka huketi chini ya mwembe akangoje kama watu wengine.

Hapo ndipo ulipofika msafara mmoja mwanzoni mwa mwaka 1861. Asili yake ilikuwa chuoni. Tarehe 4 Desemba 1857 Daktari David Livingstone alisimama mbele ya walimu na wanafunzi wa Cambridge, akawasihi wasiisahau Afrika. Vijana wa Cambridge na wa Oxford waliwaka moto. Durham na Dublin wakafuata. Ikazaliwa Misioni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee wa Masasi na wa Newala waijua kwa herufi zake nne, UMCA. Walikuwa Waanglikana, si Wakatoliki, na zamani gazeti la namna hii lisingewataja isipokuwa kwa kuonya. Sisi twawataja kwa heshima, kwani maji yaliyowakwamisha hayakuuliza dhehebu.

Mkuu wao alikuwa Charles Mackenzie, mwanahisabati wa Cambridge, aliyewekwa kuwa askofu huko Cape Town tarehe 1 Januari 1861. Livingstone alitaka kupata njia ya kufika Ziwa Nyasa isiyopita katika nchi iliyoshikwa na Wareno, akaiingiza meli yake Pioneer katika mlango wa Ruvuma, Askofu akiwa ndani. Meli ile ilizama majini kiasi cha futi 5, na mto ulikuwa umeanza kupungua. Walipanda maili 30 hivi. Kisha ikabidi wageuze, wasije wakakwama mchangani mpaka mvua za mwaka wa pili. Wakarudi baharini, wakapitia visiwa vya Komoro, wakaingia kwa Mto Zambezi na Shire.

Huko juu waliwakuta watumwa wakiswagwa njiani, mwezi Julai 1861, wakawafungua. Ni tendo jema, nani atalikana? Lakini baada ya muda mfupi watu waliokuja kuhubiri amani walikuwa wameshika bunduki, wamejiingiza katika ugomvi wa Wayao na Wamang'anja ambao chanzo chake hawakukijua na lugha zake hawakuzisikia. Mwezi Januari 1862 mtumbwi wa Askofu ulipinduka, dawa za homa zikapotea majini, naye akafa tarehe 31 ya mwezi ule. Wenzake kadhaa wakamfuata. Kufikia mwaka 1864 misioni ilikuwa imehamia Unguja.

Twasimulia haya kwa sababu binti wa Newala na wenzake wanafanana sana na vijana wale. Wana moyo, wana elimu, wamesikia hotuba iliyowawasha. Tena twawasifu, kwani kijana asiyewashwa na lolote ni msiba wa nyumba. Ila moyo haupunguzi kina cha chombo. Chombo cha futi 5 hakipiti katika maji ya futi 3, hata nahodha akiwa mtakatifu.

Basi kazi ile ilipotea bure? Hata kidogo, ingawa matunda yake hayakuja kwa mlango waliouchagua. Miongoni mwa waliofunguliwa mwaka 1861 alikuwamo mtoto mmoja, Chuma. Livingstone alimvusha bahari hata Bombay, akasoma huko, akabatizwa mwaka 1865. Machi 1866 akarudi pamoja na Livingstone, na kwanza walijaribu tena mlango wa Ruvuma. Mikoko ikawazuia kushusha ngamia na wanyama wengine, wakateremka Mikindani, mwendo mfupi kutoka Mtwara ya leo. Ni Chuma huyu, na Susi, na wenzao, waliouchukua mwili wa Livingstone kutoka Chitambo mwaka 1873, miezi mingi ya njia, hata wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, ambako ulipokelewa katika misioni yetu ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mwanafunzi Mwafrika aliyerudi kutoka ng'ambo ndiye aliyekamilisha safari ambayo wakubwa waliianza.

Na mfikirie Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akasoma Kiungani huko Unguja, akapelekwa Canterbury nchini Uingereza. Angeweza kubaki mjini akawa mtu wa kutazamwa. Alirudi akakaa Chitangali, bara ya pwani yetu hii ya kusini, kati ya watu wa damu yake, na mwaka 1890 akawekwa kuwa kasisi. Miaka kumi na zaidi alikaa kijijini kule. Wazungu wawili waliosoma chuo kimoja pale Oxford, Chauncy Maples na William Percival Johnson, walifika mwaka 1876, mwaka uleule Askofu Edward Steere alipotembea kwa miguu kutoka Lindi hata Masasi pamoja na watumwa waliokombolewa. Maples alizama katika Ziwa Nyasa mwaka 1895. Johnson alikaa. Alikaa miaka 52, macho yakamharibika, akafa Liuli mwaka 1928, na kwa hakika hakuna aliyemwuliza tena aliletewa nini na nani. Alikuwa mtu wa pale.

Wamisionari wetu Wakatoliki nao hawakupata njia laini. Wabenediktini walifungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, Askofu Kassian Spiss aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Yafaa tukumbuke kwa unyofu kwamba waliowaua walikuwa wamechoshwa na kodi, na viboko, na mashamba ya pamba ya serikali ya Kijerumani, na kwamba machoni pao joho la mtawa na sare ya askari vilikuwa vimetoka katika meli moja. Anayekwenda kwa watu hawezi kuchagua peke yake jinsi atakavyoonekana.

Hapa mhariri atamke kwa nafsi yake, maana swali la mzazi limenichoma mahali fulani.

Nilipokuwa seminari kuu, kabla ya vita kuanza kule, nilivuka Ruvuma na mafrateri wawili wenzangu. Ilikuwa safari kama hii ya binti yetu, majuma matatu. Tulibeba sanduku la rozari, mpira wa miguu, na daftari langu la mahubiri, ambalo nilikuwa nimeliandika kwa muda wa miezi miwili na kulipenda kupita kiasi. Tulikwenda kigango kimoja cha Wamakonde. Kiswahili walikisikia, si vibaya. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, niliwahubiria juu ya uvumilivu kwa muda wa dakika arobaini, chini ya paa la makuti, watoto wakisinzia.

Aliyetupokea alikuwa mwalimu wa dini wa kigango, mzee mwembamba mwenye shati moja la Jumapili. Alituchinjia kuku. Tulikula tukashukuru. Siku ya nne ndipo mke wake, kwa mzaha tu, alimwambia jirani kwamba nyumba sasa ina amani, hakuna tena wa kuwika alfajiri. Nasi tukafahamu kuwa kuku yule alikuwa jogoo wao wa pekee.

Jioni ile nilimwomba Mzee anisimulie juu ya kigango. Akaeleza polepole. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975 serikali ilizitaifisha misioni, mapadre wengi wakaondoka, na kusali hadharani kukawa jambo la kutiliwa shaka. Kisha vikafuata vita vya wenyewe kwa wenyewe hata mwaka 1992. Miaka hiyo yote hapakuwa na Misa ila kwa nadra kabisa. Yeye, akiwa kijana, ndiye aliyekusanya watu Jumapili chini ya mti, akawafundisha watoto katekisimu aliyoikariri, akabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, akazika. Daftari la ubatizo alilifungia ndani ya debe akalifukia nyuma ya nyumba, akilifukua kila mara alipokuwa na jina jipya la kuandika. Alinionyesha daftari lile. Wino ulikuwa umefifia, lakini majina yalisomeka.

Mtu yule alikuwa amenisikiliza Jumapili nikimfundisha uvumilivu.

Nilimwuliza kwa nini hakunikatiza. Akacheka. "Frateri, mgeni humwachi aseme? Ulikuwa umetoka mbali." Kisha akasema, bila uchungu wowote, "Sasa mmekwisha sema. Kesho twende shamba." Tukaenda shamba. Majuma mawili yaliyobaki tulilima mihogo, tukachota maji, na jioni tulisali rozari kwa Kimakonde, yeye akituongoza nasi tukikosea. Daftari langu la mahubiri sikulifungua tena. Sijui kama kigango kile kilipata faida yoyote kwa kuja kwetu. Upadre wangu ulipata.

Ndipo namjibu mzazi mwenzetu: hawapeleki dini. Umesema kweli, iko huko, tena imejaribiwa kuliko ya kwetu. Wanapeleka masikio yao na miguu yao. Ikiwa ndivyo wanavyofahamu wao wenyewe, safari hiyo ina maana. Ikiwa wanakwenda na picha za kupiga, fulana zenye maandishi, na ratiba ya mahubiri, wabaki nyumbani na nauli ya korosho ikae kwa mwenyewe. Hili twaliona hata upande wetu. Wanafunzi wa Ulaya na Marekani huja pwani hii wakati wa likizo zao. Na kati yao wamo waliopaka rangi ukuta uliokuwa umepakwa mwaka uliotangulia, na wamo walioketi na akina mama kubangua korosho hata vidole vikachubuka kwa utomvu wake. Watoto wetu wakiwa wageni kwa zamu yao, wasisahau ni nani kati ya hao ambaye vijiji vyetu vinamkumbuka kwa jina.

Kuna jambo jingine, nalo ni la kuona haya. Tunazungumza juu ya kuvuka kwenda kwao. Wao walivuka kuja kwetu. Tangu mwaka 1964, vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji, wakimbizi waliingia nchi hii kwa maelfu, wakapewa ardhi, kama kule Rutamba katika Mkoa wa Lindi. Wazazi wengi wa kusini waligawana nao mbegu, na leo wajukuu wao ni majirani zetu. Lakini mwaka 2021, watu wa Palma walipofika ukingoni mwa Ruvuma na watoto migongoni, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitangaza kwamba maelfu walirudishwa ng'ambo. Serikali ilikuwa na sababu zake za ulinzi, na baada ya Kitaya hatuwezi kuzidharau. Hata hivyo ni wangapi kati yetu tuliouliza, Jumapili ile, wale watu wamelala wapi? Mimi nilihubiri juu ya habari nyingine kabisa. Wanafunzi hawa ni wa kwanza niliowasikia wakiuliza, ingawa wamechelewa miaka kadhaa, na kwa hiyo siwezi kumshauri baba yao awanyamazishe.

Baba Mtakatifu Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaeleza Waafrika kwamba sasa wao wenyewe ndio wamisionari wao kwa wao. Wengi tulilipokea neno hilo kama sifa. Lilikuwa kazi.

Basi, Mzee wangu wa Newala, ushauri wetu ni huu. Usitoe ruhusa leo, wala usikatae. Mwambie binti aandike barua, yeye na wenzake, kwa njia ya padre mlezi wao na Askofu wao, kwenda kwa Askofu wa Pemba. Wasimwambie wanakuja, wamwulize kama wanahitajika, wapi, na kwa kazi ipi. Yeye ajua maji ya kwake. Akijibu kwamba mwaka huu njia ya Palma haifai, wasimjadili wala wasitafute mtumbwi wa magendo. Utii huo nao umo katika utume, na Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alifanywa msimamizi wa misioni mwaka 1927 bila kutoka katika ukuta wa monasteri yake. Huenda akawaelekeza mahali penye usalama zaidi, kusini zaidi, ambako waliohama vita wamekusanyika. Huenda akawaambia wangoje.

Wakati wakingoja waanze Kireno. Majuma matatu bila neno la Kireno wala la Kimakonde ni majuma matatu ya kutabasamu, na watu waliofiwa huchoka upesi na tabasamu. Wewe Mzee, ikiwa Kimakonde wakisema nyumbani, mfundishe binti yako jioni; vijana wa vyuoni siku hizi huona haya kukisema, halafu wanataka kukihubiria. Tena wavitembelee vijiji vya upande wetu wa mto, Kitaya na jirani zake, ambako wapo waliopoteza ndugu na mali na hawajaona kundi la wanafunzi likishuka garini. Huko hakuhitajiwi pasi ya kusafiria.

Ukiisha kuona barua ya Askofu, na padre wa kwenda nao, na binti yako akiweza kuomba maji ya kunywa kwa lugha ya wenyeji, basi umwekee mikono kichwani umwache aende. Mama yake naye awepo, aseme lake. Hofu haitaondoka, akina mama wa Oxford na wa Bavaria nao hawakulala.

Nina ombi langu. Tangu Machi 2021 sijapata habari za yule mwalimu wa dini. Barua mbili nilizompelekea hazikujibiwa, na waliotoka upande ule hawamjui, au wamjua na hawataki kuniambia. Jina lake na la kigango nitakuandikia kwa bahasha. Binti akifika popote walipo watu waliokimbia kutoka huko, aulize kwa niaba yangu. Na kama Mzee hayupo tena, aulize ni nani anayelishika sasa lile daftari.